Umesaini kwa Jina la Nani?

Mwaka 2009, katika somo la dini, kijana aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, yule jenerali anatafutwa na mahakama ya The Hague. Mbona sisi tunamwona kila wiki na wao hawamwoni?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza ghafla. Katika Goma ya mwaka ule, jina la jenerali huyo halikutajwa mbele ya dirisha lililo wazi. Nilimwambia akae, tungelirudia swali lake wiki inayofuata. Wiki hiyo ilifika, nikafundisha mambo mengine.

Jenerali mwenyewe ni Bosco Ntaganda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilitoa hati ya kumkamata Agosti 2006 na kuiweka hadharani Aprili 2008, kwa tuhuma za kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwapeleka vitani huko Ituri. Novemba 2008, yeye akiwa mkuu wa wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP, watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja, wilayani Rutshuru, baada ya kundi hilo kuuteka mji. Januari 2009 alimgeuka kiongozi wake Laurent Nkunda, akatangaza kwamba vita vimekwisha, na Kinshasa ikampokea katika jeshi la taifa akiwa jenerali. Machi 23 mkataba ukasainiwa. Serikali haikuficha hoja yake: amani kwanza, haki baadaye. Basi mtu aliyetafutwa na mahakama ya dunia akawa anaishi mjini kwetu, karibu na mpaka wa Rwanda, anacheza tenisi, anakula hotelini, na magari ya Umoja wa Mataifa yanapita barabara hiyo hiyo.

Ingekuwa rahisi kwangu kusema nilikasirika tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Barabara ya Sake ilifunguka. Maharage na jibini vilishuka kutoka Masisi, wanawake wa soko wakaanza tena kulala huko na kurudi na mizigo, na mimi nilinunua, nikapika, nikashukuru. Aliyelala na viatu miguuni usiku mwingi hawezi kuidharau siku ya kwanza ya kuvivua. Ndiyo maana nilishindwa kumjibu yule kijana: nilikuwa nakula matunda ya mpango ambao yeye aliuona kuwa si haki.

Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo darasani nisingeweza kuitamka. Mimi mwenyewe, miaka miwili kabla, nilikuwa nimesaini mpango wa namna hiyo hiyo, mdogo, wa kijijini.

Ilikuwa mwaka 2007. Siku ya soko, kundi moja lenye silaha liliwachukua wavulana 15 kutoka vijiji viwili vya Masisi, kwetu. Jina la kundi silitaji. Mmoja wa wavulana hao alikuwa mtoto wa kaka yangu, miaka 13, aliyekuwa ametumwa kuuza kuku. Kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa kadogo. Neno hilo lilishika mizizi katika vita vya 1996, wakati jeshi la Laurent-Désiré Kabila lilipovuka nchi nzima likiwa limejaa watoto. Lilikuwa neno la kubembeleza mtoto, nasi tukalivika bunduki na mabuti yanayopwaya.

Wazee walikaa barza, yaani baraza la kijiji. Chifu alikuwapo, mchungaji wa Kiprotestanti, wazee wawili, na mimi niliyeitwa kutoka mjini niwe karani kwa sababu naandika Kifaransa kizuri. Tulipanda milima asubuhi nzima. Kamanda aliyetupokea hakuwa jitu. Alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mpole wa maneno, aliyeniita Mama na kuninyanyulia kiti. Mchungaji alimwomba kwa jina la Mungu awaachie watoto. Alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akasema anachotaka ni barua: yenye mhuri wa chifu na sahihi za wote waliokuja, ikisema kwamba hakuna mtu wa vijiji vile atakayemshitaki mbele ya mahakama yoyote, "hata ile ya Wazungu."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Machi 2006 Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, alikuwa amepakiwa ndege kutoka Kinshasa kwenda The Hague, wa kwanza kabisa kufikishwa mbele ya mahakama ile, na kosa lake lilikuwa hilo hilo la makadogo. Habari ilifika msituni kwa redio kabla haijafika kwa wakuu wa shule. Wazee wetu walikuwa na methali yao, fimbo ya mbali haiui nyoka, na mmoja aliisema njiani tukipanda ule mlima. Lakini pale juu nilimwona nyoka akiitazama fimbo ya mbali kwa macho mawili. Kamanda aliogopa. Woga ule ndio uliomfanya atake kuwaondoa watoto kambini, wasije wakaonekana. Na woga ule ule ndio uliomfanya adai barua. Bila mahakama, huenda asingekuwa na haraka ya kuwaachia. Bila barua, asingewaachia.

Watu wengi huzungumza juu ya mashitaka na mazungumzo kama mizani: ukiongeza upande huu, ule unapanda. Mimi niliviona vyote viwili ndani ya kifua cha mtu mmoja, vikisukumana, na sikujua ni kipi nikishike na kipi nikiachie.

Niliandika. Niliisoma kwa sauti, kwanza kwa Kifaransa halafu kwa Kiswahili. Chifu akapiga mhuri, sote tukasaini. Siku tatu baadaye wavulana 11 walishuka mlimani wakiwa wamevaa sare zilizokatwa mikono. Mtoto wa kaka yangu alikuwa wa saba katika mstari.

Wanne hawakushuka. Kamanda alimtuma mtu kusema wamekufa kwa ugonjwa.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mama wa mmoja wa wale wanne alinisimamisha. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama ni kweli niliandika barua. Nikasema ndiyo, Mama. Akauliza kama ni kweli barua inasema hakuna mtu atakayeshitaki. Nikasema ndiyo. Akaniuliza: "Umesaini kwa jina la nani?"

Nilijaribu kumjibu kwa jina la wale 11. Lilikuwa jibu la kweli, na hakulipinga. Alinitazama tu, mpaka nikaelewa kwamba hakuniuliza nimesaini ili kina nani waishi. Aliniuliza nani alinipa kitu chake nikakiuze.

Nililelewa katika Kanisa Katoliki, na nilifundisha watoto kitubio kwa zaidi ya miaka 20: majuto, maungamo, malipizi. Kila mwaka nilitumia mfano mmoja. Mtu ameiba ng'ombe wa jirani, ameenda kwa padri, amelia, ameondolewa dhambi. Je, ng'ombe analala zizi gani usiku ule? Watoto walijibu kwa pamoja: la jirani! Walikuwa sahihi. Padri hawezi kumgawia mwizi ng'ombe wa mtu mwingine, hata akiwa na mamlaka yote ya kufunga na kufungua. Sikuwahi kuuliza swali linalofuata: na kama alichochukua hakirudishiki?

Jirani yangu wa mtaa wa Birere mjini Goma, maalim aliyesomesha watoto Kurani katika chumba cha mbao, alinieleza jambo hilo kwa lugha ya dini yake, na nadhani alilieleza vizuri kuliko nilivyolifundisha mimi. Alisema kuna haki za Mungu na kuna haki za waja. Haki zake Mungu, akitaka, huzisamehe, kwa kuwa ni zake. Haki ya mja hubaki kwa mja, mpaka mwenyewe asamehe au alipwe. Hata anayekufa shahidi, alisema, deni la mtu humfuata. Nikamuuliza: na kama mwenye haki amekufa? Akasema haki inahamia kwa walio wake. Wale ndio wa kuulizwa.

Hapo ndipo kila mkataba unaotoa msamaha kwa mauaji unaponikwama kooni. Ikiwa Mungu mwenyewe hajipi ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya yule mama, waziri aliyekaa hotelini mbele ya chupa za maji anaipata wapi? Mpatanishi kutoka nchi ya tatu? Mimi, karani wa barza?

Lakini sitaki kujificha nyuma ya mama yule. Kama tungesema hakuna barua mpaka wazazi wote 15 wakubali, wavulana 11 wangekaa kambini mwezi mwingine, na mwezi kambini ni maiti. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba, kama mwanawe angekuwa hai mlimani, angeniambia niandike chochote. Kwa hiyo sikukosa kwa kupanda mlima, wala kwa kukaa na muuaji, wala kwa kumwahidi kitu. Kosa lilikuwa katika neno moja la barua. Niliandika *kamwe*. Ningeweza kupigania *kwa sasa*.

Mwenye deni anajua tofauti hiyo. Mdai anaweza kuombwa asubiri: mavuno hayajatoka, mtoto anaumwa, rudi baada ya Pasaka. Kumwomba asubiri si kumdhulumu, ukimwomba yeye, uso kwa uso, ukamwambia mpaka lini. Dhuluma ni kuchana daftari bila yeye kuwapo, kisha kumwambia ashukuru kwa utulivu. Dawa ya deni ni kulipa, tunasema, na methali hiyo haikutaja siku. Ilichokataa ni deni kufutwa na asiyelidai.

Ajabu ni kwamba sheria ya The Hague yenyewe inaijua subira ya namna hii. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Roma inaliruhusu Baraza la Usalama kusimamisha uchunguzi au mashitaka kwa miezi 12, na kurudia tena likitaka. Ni subira yenye kalenda. Wanaotaka kuendelea kusubiri wanapaswa kuinua mikono upya kila mwaka, hadharani. Na ofisi ya mwendesha mashitaka, katika waraka wake wa Septemba 2007, ilisema kwamba kazi yake ni haki, na kwamba kuitafuta amani ni jukumu la vyombo vingine. Wengine waliuona waraka ule kuwa ukaidi. Mimi niliposimuliwa habari yake nilipata nafuu kidogo. Hakimu akianza kupima nani ana bunduki nyingi kabla ya kupima nani ana hatia, mwenye bunduki nyingi atakuwa amekwisha kushinda kesi.

Narudi kwa Ntaganda, kwa sababu kilichotokea baadaye kilitupata sisi, mlango kwa mlango. Machi 14, 2012 Lubanga alitiwa hatiani. Macho ya dunia yakamgeukia mwenzake wa zamani, Ntaganda, aliyekuwa Goma. Aprili, Rais Joseph Kabila alikuja mjini akasema sasa ni wakati wa kumkamata. Askari wa zamani wa CNDP walikuwa tayari wameanza kutoroka vikosini, na mwezi uliofuata tukasikia jina la kundi lao jipya, M23, lililochukuliwa kutoka tarehe ya mkataba ule wa Machi 23. Novemba 20 Goma ikaanguka.

Padri mmoja, rafiki yangu, mtu wa sala na mwenye akili, aliniambia wakati ule: "Mwalimu, unaona? Wangemwacha acheze tenisi yake, leo watoto wangekuwa shuleni." Hoja yake si ya kipuuzi. Ni kweli kwamba tishio la kumkamata lilikuwa mojawapo ya cheche. Nilikaa nayo siku nyingi, kwenye giza, maana umeme haukuwapo.

Nilichoona mwishowe ni hiki. Mwaka 2009 Kinshasa ilifanya mambo mawili, na tumezoea kuyahesabu kama moja. La kwanza, haikumkamata. La pili, ilimvika nyota za ujenerali na kumwachia watu wake, silaha zao na amri zao, na makamanda wake wakajipatia fedha kutoka migodini. La kwanza ningeweza kulieleza kwa yule kijana wa dirishani: hatuna nguvu leo, tukijaribu watakufa watu, tunasubiri. Lile la pili siwezi kulieleza kwa mtoto yeyote. Kuliwekea jeshi zima la nchi mfano wa mtu anayetafutwa kwa kuwapeleka watoto vitani, na kumpandisha juu ya askari waliotii sheria, ni kuwafundisha makamanda wote wa msituni hesabu moja rahisi. Ukiua kidogo utafungwa. Ukiua sana utaitwa mezani, kisha utapewa cheo. Vita vya 2012 vilipiganwa kwa watu na silaha zilizowekwa akiba ndani ya amani ya 2009.

Machi 2013, wenzake wakiwa wamegawanyika na kuanza kupigana wao kwa wao, Ntaganda aliingia kwa miguu yake katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali akaomba apelekwe The Hague. Nyoka aliifuata fimbo. Julai 2019 alitiwa hatiani kwa makosa 18 ya Ituri, akapewa miaka 30, na rufaa ikaithibitisha hukumu Machi 2021. Nilifurahi kwa ajili ya watu wa Ituri. Kiwanja haikuwamo katika mashitaka. Hakuna siku hata moja, kati ya siku za miaka ile 30, iliyohesabiwa kwa ajili ya Kiwanja.

Wanaotetea amani kwanza hupenda kunipeleka Uganda, na nakubali kwenda. Hati za kumkamata Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, na wenzake zilitolewa mwaka 2005. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu pamoja, walioshinda miaka wakiingia porini kutafuta maneno ya amani, waliiomba mahakama ijiweke kando. Walikuwa na njia yao ya mato oput, ambapo muuaji hukiri, hulipa fidia, kisha pande mbili hunywa pamoja dawa chungu ya mzizi. Ninaiheshimu njia hiyo kwa moyo wote, kwa sababu ina kukiri na ina kulipa, vitu viwili ambavyo mikataba ya hotelini husahau. Mazungumzo ya Juba, kati ya serikali ya Uganda na LRA, yalianza Julai 2006. Juni 2007 walikubaliana hata juu ya uwajibikaji na maridhiano. Watu wa Gulu walianza kutoka makambini kurudi mashambani. Mwaka 2008 ulipofika wakati wa kusaini mkataba wa mwisho, Kony hakutokea. Wako wanaosema hati zilimfukuza mezani, na wako wanaosema bila hati asingekaribia meza. Nikimkumbuka kamanda wangu wa Masisi, nadhani wote wanasema kweli.

Ila kuna kitu ambacho Mkongo hawezi kukisahau katika hadithi hiyo. Wakati wa Juba wapiganaji wa LRA walikuwa wamejikita katika mbuga ya Garamba, ndani ya nchi yetu. Desemba 2008 majeshi ya Uganda na washirika wake yakawashambulia bila kuwakinga wananchi, na Krismasi ile LRA ikaua mamia ya watu Faradje, Doruma na vijiji vya jirani. Watu waliokuwa wamekusanyika kwa sikukuu. Hakuna aliyewauliza watu wa Doruma kama wanakubali kuwa ukumbi wa kusubiria. Subira iliyonunua usingizi wa Gulu iligharimiwa na watu ambao hawakuwa na kiti Juba. Tangu hapo, nikisikia mtu anasema "tusubiri," huwa nauliza: nani anasubiri, na anasubiria wapi, na nani kati yetu analala huko usiku?

Nisije nikaifanya mahakama kuwa malaika. Kony hajakamatwa mpaka leo. Septemba 2025 majaji walisikiliza tuhuma dhidi yake kiti chake kikiwa kitupu. Kamanda wake Dominic Ongwen, aliyepewa miaka 25, alikuwa mwenyewe ametekwa akiwa mtoto akielekea shule, kadogo wa upande wa pili wa mpaka, na sijui mtu anayeweza kuisoma habari yake bila kuweka karatasi chini mara mbili au tatu. Kwa shambulio la Februari 2003 huko Bogoro, Ituri, mahakama iliwapa waathirika 297 dola 250 za ishara kila mmoja. Nilipomwambia maalim, alikaa kimya, kisha akasema: angalau waliulizwa majina yao. Nilidhani ananifariji. Sasa naona alikuwa anasema jambo kubwa. Kabla ya kesi ile, nani alikuwa amewauliza?

Na Ituri ilinipa fumbo jingine, ambalo sijalifungua. Lubanga alimaliza miaka yake 14 mwaka 2020. Baadaye Rais Félix Tshisekedi alituma ujumbe kuzungumza na wapiganaji wa CODECO, na ndani yake alikuwamo Lubanga. Mfungwa wa kesi ya watoto sasa mjumbe wa amani. Mwaka 2022 wapiganaji wale waliushika mateka ujumbe wenyewe kwa wiki kadhaa. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilishika kichwa. Kisha nikajiambia: huyu amehukumiwa, ametumikia, daftari lake limesomwa mbele ya watu. Kama naamini kitubio, sharti niamini kwamba aliyelipa anaweza kutumwa. Ni tofauti kabisa na yule wa 2009, aliyepewa cheo kabla ya kesi. Nilikuwa karibu kuridhika na mawazo yangu hayo. Mwaka 2025 Lubanga akatangaza vuguvugu jipya dhidi ya serikali. Basi kifungo peke yake hakikumtosha, kama vile ujenerali haukumtosha Bosco, na najua sasa kwamba malipizi bila majuto ni hesabu ya siku tu.

Niliondoka Goma Februari 2025, wiki chache baada ya M23 kuuchukua mji kwa mara ya pili. Sasa naishi Arusha kwa binti yangu. Wenyeji huniambia kwa fahari kwamba mahakama ya Rwanda ilikaa hapa mpaka 2015, na kwamba Warundi walisaini amani yao hapa hapa Agosti 2000. Nawasikiliza kwa heshima. Lakini mahakama ile ilihukumu mauaji yaliyokwisha kukoma. Yetu yanaendelea wakati watu wanazungumza. Oktoba 2024 mwendesha mashitaka wa ICC alitangaza kwamba anaelekeza upya uchunguzi wake kwa makosa ya Kivu Kaskazini tangu Januari 2022. Julai 2025 Kinshasa na M23 walisaini tamko la kanuni huko Doha, na Novemba wakasaini makubaliano ya mfumo wa amani. Kati ya karatasi moja na nyingine watu waliendelea kuuawa vijijini, na simu yangu ya usiku iliendelea kulia.

Natamani mazungumzo ya Doha yafaulu. Nasema hivi nikijua waliokaa pale, wa pande zote, pamoja na wale wanaowapa silaha Wazalendo, wanamgambo wa upande wa serikali. Nataka barabara ya Sake ifunguke tena. Kama itabidi hati fulani isubiri ili bunduki zinyamaze, niko tayari kusikia ombi hilo, lakini liletwe Kiwanja, liletwe Kishishe, walikouawa wengine, liletwe Rutshuru na katika makambi ya waliokimbia vita, na anayelileta aseme tarehe. Na wakati wa kusubiri, mtu aende kijiji kwa kijiji aandike: nani alikufa, siku gani, alikuwa amevaa nini. Hilo halihitaji kumkamata mtu, wala halivunji usitishaji mapigano wowote. Mabega ya makamanda yabaki bila nyota mpya.

Mtoto wa kaka yangu sasa ni mtu mzima, anatengeneza simu Kampala. Hajawahi kunisimulia mlima ule na mimi sijamuuliza. Siku makubaliano ya Novemba yaliposainiwa alinipigia. Tulizungumza juu ya bei ya vipuri, juu ya mguu wangu unaouma. Kisha akaniuliza: "Shangazi, ile barua bado unayo?"

Ninayo. Nilivuka nayo mpaka, ikiwa ndani ya mkoba, nakala ya kaboni, mhuri wa chifu umefifia. Baada ya simu ile niliitoa nikaiweka mezani, na chini ya sahihi zetu nikaanza kuandika majina ya wale wanne ambao hawakushuka. Matatu niliyajua. La nne lilinishinda. Familia ile ilihama mapema, na wazee waliokuwa kwenye barza wamekufa.

Nilimpigia tena usiku. Nikamwambia ninachotaka. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani salio limekwisha. Halafu akanitajia jina, jina kamili, na la baba yake, na akaniambia hakufa kwa ugonjwa. Niliomba aniandikishe taratibu, herufi kwa herufi.